Kuipima India Kutoka Kuresoi

Mimi ni mtu nisiyejua kukaa. Darasani nafundisha nikitembea toka dirishani hadi mlangoni, na nyumbani kwangu Section 58, hapa Nakuru, chai naimaliza nikiwa nimesimama jikoni. Kwa hiyo msimu ule ambao Mama alikataa kupanda ndege mpaka aelezwe vizuri kama India ni nchi kubwa au ni nchi inayojaribu tu, sikukaa kabisa. Nilizunguka sebuleni hadi jirani wa chini akapanda ngazi kuniuliza kama nahama.

Mama anaishi Kuresoi, huko juu kwenye viazi na baridi, na moyo wake ulikuwa na vali inayovuja. Daktari aliyempima hapa mjini alituchorea moyo kwenye karatasi, akaweka mshale mahali damu inaporudi nyuma badala ya kwenda mbele, akasema vali hiyo ni ya kubadilishwa. Foleni ya hapa kwetu ilikuwa ndefu kuliko muda aliokuwa nao. India, alisema, wanafanya kazi hiyo kila siku, ila moyo ukizidi kuchoka hata wao watamkataa. Watu walichanga, Mungu awazidishie, na hilo silirudii tena. Lililobaki lilikuwa Mama kusema ndiyo.

Badala ya ndiyo, alinipigia simu asubuhi nikikusanya vitabu vya kidato cha tatu.

"Wewe ndiye mwalimu wa historia," alisema. "Hiyo India ni nchi kubwa kweli, ama ni ya kujaribu?"

Nilimwambia hakuna nchi duniani yenye watu wengi kama ile. Akasema hakuuliza kama wamejaa. Nikamwambia wana bomu la nyuklia na wamefikisha chombo mwezini. Nikadhani nimeshinda.

"Hiyo ni lumbesa," akasema. "Niambie chini kuna nini."

Mtu asiyetoka kwenye viazi hataelewa. Lumbesa ni gunia lililojazwa likapita mdomo, likashonewa kichwa cha wavu juu, na kwenye kichwa hicho ndipo hupangwa viazi vinavyopendeza. Mnunuzi mgeni hukitazama kichwa akatosheka. Mama akienda kununua mbegu hulilaza gunia, akalifumua kitakoni, akatoa vile vya chini kabisa avitazame kwenye mwanga. Ameshagombana na watu wengi sokoni Molo kwa tabia hiyo, na bado anaenda na kisu chake mfukoni.

Nilikasirika, sitaficha. Vali inavuja, siku zinakwenda, na yeye anataka kuifumua jamhuri nzima kitakoni. Niliaga kwa adabu nikakata simu, nikaingia darasani nikiwa nimevurugika, na kwa kuwa sikuwa na lingine kichwani niliandika swali lake ubaoni: tunajuaje kwamba nchi imekuwa taifa kubwa duniani?

Kidato cha tatu wanapenda swali ambalo halitatokea kwenye mtihani. Walizungumza wote kwa pamoja. Wengine walitaka jeshi, wengine uchumi, wengine lugha inayozungumzwa na watu wasiolazimishwa. Msichana mmoja wa nyuma alisema nchi kubwa ni ile ambayo ikipiga chafya sisi tunapandishiwa bei ya mafuta. Darasa lilicheka, nami nikacheka, lakini niliona kwamba kila kipimo walichotaja kilikuwa cha mtu anayetazama kutoka chini, na kwamba sikuwahi kuwafundisha kingine. Tuliipima India hivyo mpaka kengele ikalia. Ilifaulu vipimo vingine, ikaanguka vingine, na hatukufika popote. Nilifuta ubao kwa kiganja nikatoka na mkono mweupe.

Kaka yangu mkubwa ni mwanajeshi mstaafu. Amejenga Lanet, karibu na kambi aliyotumikia, kwa sababu anadai asiposikia baragumu alfajiri haamki. Jumamosi alinipitia kwa pikapu yake twende tukamshawishi Mama pamoja. Tulipofika Njoro nilimweleza mpango wangu: tutamwambia India ni taifa kubwa, basi, bila lakini. Alinyamaza hadi tukapita Elburgon. Kaka yangu akinyamaza hivyo ujue anapanga maneno foleni.

Kumbe alikuwa na la kwake. Zamani alitumwa nchi ya mbali kulinda amani, na kambi yao ilipakana na kambi ya Wahindi. Waliishi nao vizuri. Walikuwa na hospitali ndani ya hema, na daktari wao ndiye aliyemng'oa jino lililokuwa limemkosesha usingizi, bila maumivu, akimwimbia. Watu wa maana, alisema. Lakini mataifa makubwa hasa hakuyaona kwenye lile tope. Yenyewe yalituma magari, mahema na maagizo. Waliokanyaga tope walikuwa sisi, Wahindi na wenzetu wengine. Kwa hiyo kwa kipimo chake jambo lilikuwa wazi.

"Mkubwa haendi, anatuma," alisema. "Hawa tulikula nao vumbi, mwalimu. Na ile meza ya Umoja wa Mataifa, ya wakubwa watano wenye kura ya turufu, hawana kiti."

Nilimwambia aegeshe gari. Nilishuka, nikatembea kando ya barabara mpaka hasira ikapungua, yeye akinifuata polepole kwa pikapu huku wenye magari mengine wakitupigia honi. Niliporudi ndani nilimwapisha asilitaje hilo mbele ya Mama. Akaapa. Kaka yangu hajui kudanganya, na hilo ni jambo jema kwa mtu yeyote isipokuwa siku unapomhitaji.

Mama alikuwa ameketi nje kwenye jua na jirani yake. Huyu jirani ni mama wa rika lake. Wamelima pamoja tangu mimi nikiwa mdogo, wakisaidiana kupanda na kuchimba, na wote wawili wameugua ugonjwa mmoja. Moyo wake naye unavuja. Walipimwa na daktari yule yule siku ile ile, kwa sababu tuliwapeleka pamoja. Nyumba ya Mama iko chini ya kilima, shamba na nyumba ya jirani ziko juu, na katikati ya kilima kuna jiwe pana. Walikuwa wanapanda mpaka kwenye jiwe, wanakaa hapo wakihema kwa pamoja, kisha wanamalizia. Jirani hakuwa na mwana mwanajeshi wala binti mwalimu, na alimzika mumewe miaka mingi iliyopita. Daktari alimwambia maneno yale yale aliyomwambia Mama, akarudi nyumbani kuchimba viazi.

Chai ilimiminwa. Nilianza hotuba yangu nikiwa nimesimama, Mama akaniambia nikae, nikakaa, nikasimama tena. Nilitaja dawa. Nilimwambia vidonge vyake vyote vya presha vinatoka huko, na pikipiki iliyomteremsha kwenda kliniki inatoka huko, hata ile pampu ya mgongoni anayopulizia viazi dawa inatoka huko. Alisikiliza vizuri. Nilimwona akiielekea ndiyo kabisa, mpaka akamgeukia kaka yangu.

"Na wewe uliyeishi nao?"

Kaka yangu aliitazama chai. Akazunguka na jino, akazunguka na hema, na mwishoni akatoa lile lile nililomkataza: kwamba ni watu wazuri sana, ila nchi kubwa kubwa bado. Mama akaweka kikombe chini, akasema basi haendi.

Hapo nilipoteza adabu. Nilimwuliza, kwa sauti ambayo nadhani barabara yote iliisikia, ukubwa wa nchi unahusiana vipi na vali, na kama anataka kufa aseme tu kuliko kuisingizia India. Jirani aliinamisha macho. Mama hakukasirika, na hilo liliniumiza zaidi.

"Nikifia huko," alisema, "nchi ndogo inaweza kunipoteza. Mtaambiwa karatasi hazionekani. Mimi nataka nchi inayojua imemweka mtu wapi."

Nikaelewa, nikachelewa kuelewa, kwamba swali halikuwa la historia. Mama aliogopa kufa mbali na kilima chake. Aliona aibu kusema anaogopa, na mtu akiwa na mwalimu nyumbani hutafuta swali la kumpa. Niliingia jikoni nikaosha vyombo vilivyokuwa safi.

Wiki iliyofuata alikuja mjini kuchukua dawa. Tulipotoka kliniki alisema anataka kupita kwa Mhindi. Nikajua anamaanisha duka la pembejeo anakonunua pampu na vipuri vyake tangu enzi za baba wa huyu mwenye duka. Nilijua pia anachokwenda kuuliza, na nikaanza kuona haya kabla hatujafika, kwa sababu hilo ni kosa letu sisi wa huku: Mhindi wa dukani tumemfanya balozi. Kriketi ikichezwa tunampa pole au hongera. Mafuriko yakitokea upande ule wa dunia tunamwuliza kama watu wake wako salama.

Mama aliegemea kaunta, akapumua kwanza, akamwuliza bila kuzunguka kama nchi yake ni kubwa kweli.

Yule mzee alivua miwani. Alisema nchi yake ni hii, na amezaliwa hapa hapa Nakuru, na baba yake pia. India aliwahi kwenda mara moja, akapotea njia, akaumwa na tumbo, na watu wa huko walimcheka Kihindi chake.

"Mimi si mtu wa kuulizwa, mama," alisema. "Huko mimi ndio mgeni. Lakini mke wangu alifunguliwa moyo huko. Yuko hapo nyuma, ongea na yeye."

Mama alipita nyuma ya kaunta, mahali ambapo kwa miaka yote ile hakuna mteja aliyewahi kupita. Mimi na mwenye duka tulibaki mbele tukitazamana. Aliniuliza kama shuleni bado tunafundisha mambo ya vita vya dunia, nikasema ndiyo, akasema vizuri. Nilizipanga upya pakiti za mbegu za sukuma wiki zilizokuwa zimepangwa tayari. Kutoka nyuma tulisikia minong'ono, kisha kicheko cha wanawake wawili.

Mama alitoka akifunga vizuri kitambaa chake cha kichwani. Barabarani alinishika mkono. Alisema yule mama amemwonyesha kovu, limenyooka toka hapa hadi hapa, na kwamba aliyelishona alikuwa na mkono wa mtu asiye na haraka.

"Nitaenda," alisema. "Lakini lile swali bado niko nalo."

Tulikwenda. Ya safari sina mengi, kwa sababu niliipitisha karibu yote kwenye korido. Hospitali ilikuwa kubwa, safi, na imejaa watu wa kila namna: nilisikia Kiswahili cha Tanzania, Kiarabu, na lugha nyingine ambazo sikuzitambua, na kila mmoja alikuwa amebeba mgonjwa wake na bahasha kubwa ya picha. Katika kule kutembea nikifikiri niliirudia hesabu ya kidato cha tatu. Nchi ambayo watu wa mabara yote wanaikabidhi vifua vya mama zao, niliwaza, hiyo haijaribu. Nilitamani kaka yangu aone. Nilijiona nimempata.

Dirisha la chumba cha Mama lilitazama getini. Nje ya geti, kando ya ukuta, watu walikuwa wametandika mikeka. Walipika hapo, walilala hapo, na asubuhi walisimama kwenye mstari mrefu wakiwa na vyeti mkononi. Kati yao kulikuwa na mwanamke wa umri wa Mama, mwenye sari ya kijani iliyochujuka, na kijana wake aliyempepea kwa kadibodi. Alikuwa anapumua kwa mabega. Mama alikuwa anakujua vizuri kule kupumua. Kabla ya operesheni alikaa kwenye kiti cha dirishani akimtazama, akashinda hivyo, na baada ya operesheni alipoweza tena kukaa, jambo la kwanza alilotaka lilikuwa kiti kile. Mwanamke alikuwa bado yuko hapo.

"Na huyu ametoka nchi gani?" aliniuliza.

Nilimwambia huyo ni wa pale pale.

Alisogea karibu zaidi na kioo. Siku tuliyotoka, gari lilipopita getini, nilikuwa na bahasha, dawa, pasipoti na mifuko, na nilikuwa nahakikisha hatujasahau chaja. Sikutazama nje.

Kuresoi walitupokea kwa nyimbo. Nyumba ilijaa mpaka watu wakakaa kwenye ngazi. Waliomba, walikula, wakamsifu Mungu, na Mama akaonyesha kovu kwa akina mama peke yao chumbani. Kisha kaka yangu, ambaye alikuwa amengoja siku hiyo kuliko mtu yeyote, alisimama katikati ya sebule akiwa ameshika kikombe.

"Mama, sasa umeenda umeona," alisema. "Toa hukumu. Ni nchi kubwa ama si kubwa?"

Watu wote walimgeukia Mama. Hilo swali lilikuwa limeshatembea kijiji kizima. Nilisimama mlangoni, mahali pangu pa kawaida, na nilikuwa na hakika ya jibu, kwa sababu jibu lilikuwa limeketi mbele yetu likinywa chai na midomo yake imerudi rangi.

Mama alieleza kila kitu kwa utaratibu. Alieleza mashine, na wauguzi waliomwita mama kwa lugha yao, na daktari kijana aliyekuja kumwangalia hata siku yake ya mapumziko. Kaka yangu alianza kutikisa kichwa kama mtu anayekubali kushindwa. Kisha Mama akaeleza dirisha. Alieleza mkeka, na sari ya kijani, na kijana na kadibodi yake. Alisema alidhani ni mgeni kama sisi, ametoka nchi ya mbali zaidi, maskini zaidi. Kumbe ni mwenyeji.

"Basi nikajua ni nchi kama yetu," alisema. "Kubwa juu."

Kaka yangu alisema, taratibu, kwamba hata hivyo walimponya. Mama akasema ndiyo, walimponya, na kila siku atawaombea. Watu waliguna wakakubali yote mawili. Nadhani mazungumzo yangeishia hapo, na chai ingeongezwa, na tungehamia kwenye mvua.

Jirani wa Mama alikuwa ameketi karibu na mlango, kwenye kiti kidogo, kwa sababu alihitaji hewa. Alikuwa amekonda tangu tuondoke. Miguu yake ilikuwa imevimba juu ya viatu. Hakuwa amezungumza tangu aingie, isipokuwa kumsalimia Mama na kumshika mkono muda mrefu.

"Huyo mama wa nje," aliuliza, "alipata kuingia?"

Alikuwa ananiuliza mimi, maana mimi ndiye niliyekuwa na miguu mizima kule, mimi niliyeshinda nikizunguka kwenye zile korido. Mama alinitazama. Kaka yangu alinitazama. Ningeweza kuteremka ngazi siku yoyote nikauliza. Geti halikuwa mbali.

Nilisema sijui.

Aliitikia kwa kichwa, polepole, kama ndilo jibu alilolitarajia. Akamalizia chai yake, akashukuru, akaaga kabla giza halijaingia. Mama alitaka kunyanyuka amsindikize, tukamkatalia, daktari alikuwa amemkataza vilima. Nikaenda mimi.

Tulipanda hatua kwa hatua. Nilizoea kutangulia, na mara mbili nikajikuta mbele peke yangu, nikarudi. Pumzi yake ilikuwa na sauti ile ya Mama ya zamani, sauti niliyokuwa nimeanza kuisahau. Tulipofika kwenye jiwe alijishusha upande wake, ule wa kushoto, akaweka mkono kifuani. Upande wa kulia, ule wa Mama, ulikuwa mtupu. Aliupangusa vumbi kwa kiganja, akanitazama, nikakaa.